Shajara ya mradi wa robo saa

Kabla ya wiki ya kwanza

Mradi huu umezaliwa na aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo nianzie hapo. Binti yangu yuko darasa la tatu. Muhula uliopita daftari lake la kazi za nyumbani lilijaa tiki nyekundu tangu ukurasa wa kwanza, hata nikawa nawaonyesha wageni. Mtihani ulipokuja akapata chini ya nusu. Mwalimu wake hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, huko nyumbani penseli anashika nani?"

Nilipowasimulia wazazi wenzangu wawili watatu nilitegemea kicheko. Badala yake kila mmoja akaanza kutoa lake. Mmoja humwandikia mwanawe insha, kisha humwambia ainakili kwa mwandiko wake. Mwingine hajawahi kufungua daftari la mtoto kwa kuogopa kuulizwa asichokijua. Hadi tunaachana tulikuwa tumekubaliana: nyumba sita, wiki kumi, nyumba zote zijaribu jambo lilelile kwa wiki moja, na Jumamosi tukutane tuambizane ukweli. Kalamu nikapewa mimi, nadhani kama adhabu.

Nyumba zenyewe, bila majina: yangu, ya Mama Pacha, mwenye wawili darasa la kwanza, ya Bibi anayemlea mjukuu wa darasa la pili, naye Bibi hajui kusoma, ya Mzee wa Hesabu, tuliyemwita hivyo kwa utani maana yeye na hesabu ni paka na panya, mwanawe yuko la nne, ya Kaka, kijana wa miaka 20 anayemlea mdogo wake wa kike wa darasa la tano, na ya mume na mke wanaofanya kazi kwa zamu, mmoja akiingia mwenzake anatoka. Yuko pia mwalimu mstaafu aliyekubali kuja Jumamosi kutusikiliza. Sharti lake ni asiitwe mshauri.

Wiki ya 1

Tulianza na saa nzima kila jioni, na tukaipa jina kubwa: Saa ya Masomo. Jumatatu mambo yalikwenda vizuri. Jumatano kulikuwa na machozi katika nyumba tatu. Kwa Mama Pacha mmoja alilala juu ya daftari, mwingine akaenda kunywa maji mara sita. Kwangu kazi ya shule iliisha ndani ya dakika 20, zile 40 zilizobaki nikawa natunga hesabu za kujumlisha ili saa iishe. Binti yangu aliligundua hilo kabla yangu. "Baba, hizi ni za mwalimu au ni zako?"

Mstaafu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mnataka kufungua shule ya pili. Ya kwanza inamtosha."

Nikaenda kusoma kidogo. Mwaka 2006 Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti nyingi za Marekani kuhusu kazi za nyumbani, wakakuta kwamba uhusiano kati ya kazi hizo na alama za mtoto una nguvu zaidi sekondari kuliko shule ya msingi. Huko walimu wengi hutumia kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza dakika 10, la tatu dakika 30. Pacha wa darasa la kwanza tulikuwa tumewabebesha mzigo wa mtoto wa la sita.

Wiki ya 2

Hatukubadilisha muda bado. Tulikubaliana kila nyumba ijirekodi kwa simu jioni moja, kisha tusikilize pamoja. Nilifikiri watu watakataa. Walikubali wote, wakajuta wote.

Naiandika hapa sehemu ya Mzee wa Hesabu, kwa ruhusa yake:

"Hamsini na mbili toa ishirini na saba."

"Thelathini na tano."

"Angalia vizuri."

"Thelathini na… sita?"

"Wewe! Mbili utatoaje saba?"

"Saba toa mbili, tano."

"Nani kakwambia saba toa mbili? Lete hapa." Penseli inasikika ikikwaruza karatasi. "Unaona? Ishirini na tano. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mstaafu aliomba tuirudie. Mara ya pili akainua kidole pale mtoto anaposema "saba toa mbili, tano". Akasema hapo mtoto ameshaeleza kila kitu, na baba amempita kama gari lililopita abiria kituoni. Kosa lile halikuwa la uzembe. Mtoto ana kanuni yake: katika kila safu, ndogo hutolewa kwenye kubwa, hata kama kubwa iko chini. Kwa kanuni hiyo 52 toa 27 ni 35 kabisa, na atapata majibu ya namna hiyo kila siku bila kukosea kanuni yake hata mara moja. Kumwonyesha 25 hakuigusi kanuni.

Na lile "umeelewa?" la mwisho, sote tulilisikia katika rekodi zetu. Ni swali lenye jibu moja. Hakuna mtoto anayejibu "hapana" wakati mzazi ameshakunja uso. Tumelipiga marufuku. Mahali pake tumeweka "umefikaje hapo?", nalo linaulizwa jibu likiwa sahihi na likiwa kosa, vinginevyo mtoto atajua kwamba kuulizwa maana yake umekosea.

Rekodi yangu siiweki. Kwa ufupi, binti yangu anasikika akipumua.

Wiki ya 3

Muda umekatwa kutoka saa moja hadi robo saa, na jina likabadilika siku hiyohiyo. Utaratibu mpya ni huu: kazi ya shule anaifanya mtoto peke yake, mzazi akiwa karibu lakini mikono mitupu. Baadaye inafuata robo saa ya mzazi na mtoto, na ndani yake mzazi anasikiliza na kuuliza tu. Simu inapolia dakika 15 zimekwisha, tunaacha hata kama sentensi haijafika mwisho. (Mama Pacha anasema wanawe sasa hulalamika ikilia. Wiki mbili zilizopita walikuwa wakilia wao.)

Kazi ya shule ikimshinda mtoto hatumalizii. Mzazi anaandika pembeni: "Amejaribu kwa dakika 30, amekwama hapa," anatia sahihi. Walimu wawili walifurahi, mmoja akasema ndiyo mara ya kwanza anajua nani amekwama wapi. Mwalimu mwingine alirudisha daftari na maandishi mekundu: "Mzazi, msaidie mtoto." Aliyeandikiwa alikuwa mimi.

Jambo lingine la wiki hii ni usingizi. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Tulipopiga hesabu, nyumba nne kati ya sita hazifiki 9, na mbili kati ya hizo hazifiki kwa sababu ya masomo ya usiku. Kumnyima mtoto usingizi ili asome ni kujaza ndoo iliyotoboka, maana akili huyapanga ya mchana wakati wa usiku. Sheria imepita bila mjadala: kazi isiyoisha kabla ya muda wa kulala inalala pia.

Wiki ya 4

Zamu ya kusoma. Hapa nilijiamini. Binti yangu husoma kwa sauti kama mtangazaji.

Mstaafu alimwandikia sentensi moja kwenye kipande cha karatasi: "Mzee alirudi jioni akakuta mlango umefungwa kwa ndani." Akaisoma bila kujikwaa. Nikamuuliza, "Ndani ya nyumba kuna mtu au hakuna?"

"Haijaandikwa."

"Mlango umefungwaje?"

"Kwa ndani."

Nikataka kusema. Mstaafu akanikanyaga mguu chini ya meza, kweli alinikanyaga. Kimya kile sijui kilichukua sekunde ngapi, mimi niliona kama dakika. Binti yangu akanyoosha mkono hewani, akafanya kama anasukuma komeo, akautazama mkono wake. "Aliyefunga yuko ndani," akasema. Kisha: "Mbona hamfungulii?"

Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu ufasaha wa sauti kuwa ndio kusoma. Kiswahili kina hatari yake hapa, na sijaona wazazi wakiizungumza. Maandishi yetu yanafuata sauti: irabu tano, kila moja na mlio wake, silabi ukizijua unasoma neno lolote hata usilolielewa. Mtoto wa lugha yenye tahajia ngumu akikwama, mzazi anasikia. Wetu anaweza kukusomea ukurasa mzima wa sheria za nchi bila kuelewa hata mstari, nawe ukampigia makofi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliiandika kama hesabu: kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Mara, si jumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili ungekuwa mia.

Kwa hiyo robo saa ya kusoma sasa inagawanyika hivi: dakika tano anasoma, kumi tunazungumza. Maswali ya "nani" na "wapi" tumeyapunguza kwa sababu mtoto huyajibu kwa kunyofoa neno kwenye mstari. Yanayofanya kazi ni "umejuaje?" na "unadhani kitafuata nini?"

Kwa Mama Pacha hali ni tofauti kabisa, wale bado wako kwenye kutambua. Mmoja alikuwa akisoma "mama" akitamka "ema-ema". Ilituchukua muda kugundua kwamba shuleni hufundishwa sauti ya herufi, "mmm", na nyumbani mama alikuwa akifundisha jina lake, "em". Em na a, ema. Mtoto alikuwa sahihi, waliokuwa hawapatani ni walimu wake wawili. Mama Pacha ameacha majina ya herufi kwa sasa, na kazi yao ya wiki ni kutofautisha ng na ng': ngoma, ng'oa, ngazi, ng'ara. Wanaona raha sana kuitamka ile ya pili.

Wiki ya 5

Wiki ya Bibi. Nimeisubiri kuiandika.

Tangu mwanzo Bibi alikuwa akiomba radhi. Kila Jumamosi alisema yeye hana mchango, karatasi na yeye hawajawahi kupatana, amekuja kusikiliza wasomi. Sisi wasomi tukawa tunampa pole. Wiki hii tuliamua tutembeleane, kila mtu akae kimya kwenye robo saa ya mwenzake. Mimi niliangukia kwake.

Mjukuu alikaa chini mbele yake na kitabu cha ufahamu. Bibi alikuwa anashona kifungo. Mtoto akasoma aya nzima kwa kasi. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, umenipita. Huyo aliyekwenda kisimani ndiye yule wa mwanzo au mwingine?"

Mtoto akarudi kwenye kitabu. Akasoma tena kimya, midomo ikicheza. "Mwingine, Bibi. Wa mwanzo ni dada yake."

"Ahaa. Na kwa nini amekwenda usiku?"

"Hawajasema."

"Basi endelea, labda watasema."

Wakaendelea hivyo. Mara tatu mtoto alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu msimulizi akimchanganya msikilizaji anajua. Mara moja alikosea neno, maana ikaharibika, Bibi akasema tu, "Hapo hapakai sawa masikioni." Mtoto akalitafuta kosa mpaka akalipata. Mimi kwenye kona nilikuwa nimeliona tangu lilipotoka mdomoni mwake, na ningelisahihisha ndani ya nusu sekunde.

Nimeliwaza hili siku nzima. Mambo yote tuliyokuwa tunahangaika kuyajifunza, kusubiri, kuuliza, kutotoa jibu, Bibi anayafanya bila juhudi kwa kuwa jibu hana. Haulizi ili ampime mtoto. Anauliza kwa sababu anataka kujua nani alikwenda kisimani. Mtoto anaisikia tofauti hiyo. Mimi nikimuuliza binti yangu jambo ninalolijua, ananitazama machoni kutafuta jibu. Mjukuu wa Bibi hutazama kitabu.

Jumamosi nililieleza hivi mbele ya wote. Bibi akadhani namfariji.

Wiki ya 6

Jedwali la kuzidisha, au tebo kama watoto wanavyoita. Nyumba zote zenye watoto wa la tatu kwenda juu.

Binti yangu aliitazama karatasi ya tebo, 1 hadi 10, akasema ni nyingi mno. Ni majibu 100, kweli ni mengi. Basi tukachukua penseli tukaanza kukata. Kwanza nilimwomba atafute 3 mara 7 na 7 mara 3. Zote 21. Akakaa kidogo, akauliza, "Ni hivyo kwa zote?" Tukakata kila pacha, zikabaki 55. Tukakata za moja na za kumi, maana hizo anazijua usingizini: 36. Za mbili na za tano anaziimba tangu la kwanza, tukakata: 21. Za tisa akagundua mwenyewe mchezo wake, kwamba tarakimu za jibu ukizijumlisha unapata 9, na makumi ni pungufu kwa moja ya namba unayozidisha. 9 mara 6: makumi matano, na nne ya kufikisha tisa, 54. Tukakata nazo. Zikabaki 15.

Kumi na tano! Alizihesabu mara mbili. Kutoka 100 hadi 15 kwa robo saa moja, na penseli alishika yeye.

Hizo 15 ziliandikwa kwenye kadi, swali mbele na jibu nyuma, zikawekwa katika bahasha tatu. Bahasha ya kwanza hufunguliwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi ikijibiwa sawa inasogea mbele, ikikosewa inarudi ya kwanza. Mpango huu si wetu. Mwandishi Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970, na nyuma yake yuko Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana kisha akapima amesahau kiasi gani. Alikuta kusahau kwenda kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kupishanisha siku kunashinda kurudia kwingi kwa siku moja. Tulichoongeza sisi ni bahasha kuukuu.

Kaka alileta lake. Mdogo wake husoma sayansi kwa kupitia daftari mara nne tano, anafunga, anasema anajua, kesho hana kitu. Wamebadilisha: anasoma mara moja, anafunga daftari, anamwambia Kaka anachokumbuka, kisha anafungua kuangalia alichosahau. Siku ya kwanza msichana alilia. Alisema njia hii inamfanya ajione mjinga. Nilimwelewa, kwa sababu kurudia kusoma kunampa mtu raha ya uongo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki walioshinda ni wale waliojipima. Kaka alimwomba mdogo wake avumilie hadi Jumamosi ijayo.

Wiki ya 7

Mbaya. Nyumba mbili tu zilifanya. Kwangu mtoto aliugua, wanandoa wa zamu walibadilishiwa ratiba, Mama Pacha alisema kwa ukweli kwamba alichoka. Hatukufidia. Tulikuwa na mpango wa "kulipa" robo saa zilizopotea mwishoni mwa wiki, Mstaafu akauliza kama nasi tukikosa kulala Jumatatu huwa tunalala mchana kutwa Jumapili.

Jambo moja jema: wanandoa wa zamu wamepata njia. Anayekuwa kazini anampigia mtoto simu wakati wa mapumziko, mtoto anamsomea. Mzazi hana kitabu mbele yake. Wote tulicheka tulipoona wamekuwa Bibi.

Wiki ya 8

Nimerudi kwa Mzee wa Hesabu, maana lile la 52 toa 27 lilikuwa halijaisha.

Tatizo lilikuwa na tabaka mbili. Ya kwanza ni ya mtoto. Kiswahili kinamsaidia hadi kumi na tisa: kumi na mbili ni kumi, na mbili, mtoto anaiona kumi ikiwa imesimama hapo. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini tumeyachukua kutoka Kiarabu, na ndani yake "kumi" haisikiki tena. Hamsini kwa mtoto ni jina tu. Kwa wiki moja wakaacha majina hayo. Walihesabu kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi, wakasema "makumi matano na mbili". Toa makumi mawili na saba. Mtoto akaviangalia vile vijiti viwili vilivyo huru, akasema, "Saba hazitoshi." Akafungua fungu moja bila kuambiwa. Makumi manne, na kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba, tano. Makumi manne toa mawili, mawili. Baba yake anasema hakuna aliyetaja neno kukopa, na mtoto alikuwa ameshakopa.

Tabaka ya pili ni ya baba. Erin Maloney na Sian Beilock, na wenzao, walichapisha utafiti mwaka 2015 juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili: wazazi wenye hofu ya hesabu walipokuwa wakiwasaidia watoto mara kwa mara, watoto hao walijifunza hesabu kidogo zaidi, na hofu yao ikaongezeka kufikia mwisho wa mwaka. Wazazi wenye hofu ileile ambao hawakusaidia mara kwa mara, watoto wao hawakupatwa na hilo. Nilisita kumsomea. Nilipomsomea alinyamaza, kisha akasema baba yake naye alikuwa akimpiga rula kwa kila tebo aliyokosea, na kwamba akiona safu mbili za tarakimu hadi leo mikono inatoka jasho.

Tulikubaliana aache kueleza hesabu. Asiache hesabu, aache kueleza. Amepewa kazi ya kuwa mjinga wa vijiti: mtoto ndiye anamwonyesha, yeye anauliza "umefikaje hapo?" na maneno "mimi hesabu sikujaliwa" hayatamkwi ndani ya nyumba hiyo. Lile la mwisho anasema ndilo gumu kuliko yote.

Wiki ya 9

Mdogo wake Kaka alijipima tena maswali ya wiki ya 6. Alikumbuka mengi kuliko alivyotegemea, akamwambia kaka yake, "Basi tuendelee na ile ya kulia."

Tumejadili sifa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walielekea kuchagua kazi za kuwaonyesha werevu, na walikata tamaa haraka walipokutana na ngumu, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Tumejaribu. Matokeo yetu ni kwamba "umejitahidi" ikisemwa kila dakika inageuka kelele, na watoto wanaijua kelele. Sifa ambayo wameibeba ni ile inayotaja kitu: "ulirudi mstari wa juu mwenyewe", "ulifungua fungu kabla sijasema". Ili uiseme lazima uwe ulikuwa unaangalia.

Kaka aliuliza afanyeje kazi ikija kwa lugha ambayo yeye haiwezi vizuri. Mstaafu alisema wazungumzie somo kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mtoto akishaelewa mvuke unatokana na nini, kinachobaki ni kujifunza jina lake kwa lugha nyingine, na jina ni kazi ndogo. Nakubaliana naye, ila naona alilirahisisha kidogo. Majina yakiwa 20 katika ukurasa mmoja si kazi ndogo. Mdogo wake Kaka sasa ana bahasha zake.

Mtu mmoja alipendekeza tumfundishe Bibi kusoma. Bibi alisema anataka, lakini mjukuu amalize kwanza darasa la nne. "Nikijua mapema nitaanza kumsahihisha."

Wiki ya 10

Hali ilivyo leo. Nyumba tano zinaendelea. Mama Pacha amepumzika hadi muhula ujao, na pacha wanasoma maneno ya silabi mbili na tatu bila kupitia kwenye "ema". "Nywele" na "mbwa" bado zinawasumbua. Mtoto wa Mzee wa Hesabu amepata tiki saba kati ya kumi kwenye zoezi la kutoa, na makosa matatu yaliyobaki ni ya sifuri: 60 toa 24, anaiogopa ile sifuri. Mzee mwenyewe ameyaona bila kuambiwa, akanitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku. Mjukuu wa Bibi hana shida tunayoijua.

Daftari la binti yangu lina tiki chache kuliko muhula uliopita, na wageni siwaonyeshi. Mwalimu wake aliyeniandikia kwa wino mwekundu tumeonana. Ameomba nakala ya karatasi ya "amekwama hapa" awape wazazi wengine, nikampa zote nilizokuwa nazo.

Mambo ya kufanya kabla ya Jumatatu: kununua bahasha, za zamani zimechanika, kumpigia Mama Pacha, kutafuta namna ya kuonyesha 60 kwa vijiti mpaka ile sifuri isiwe ya kutisha. Kadi za binti yangu zilizobaki kwenye bahasha ya kwanza ni nne, na 7 mara 8 imesharudi humo mara tano.